Neno la Kulia: Wake wa Uskochi na Lugha ya Nyumbani



Bibi harusi mmoja tuliyemshonea nguo zake zote, ya singo, ya nikahi na ya kupokelewa ukweni, alichukuliwa na mumewe kwenda kuishi Aberdeen, mji wa bandari kaskazini mashariki ya Uskochi. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, jirani yake, bibi kizee wa huko huko, akaja kumtazama. Mtoto alikuwa analia. Bibi akampakata, akampigapiga mgongoni huku akisema "dinna greet, dinna greet". Mwenzetu Kiingereza anakijua vizuri, amekisomea. Akasikia "dinner", chakula. Akasikia "greet", kusalimia. Akaona haya kweli kweli, kumbe mgeni hajaamkiwa wala hajakirimiwa! Akamshika mtoto kiganja, akampungia bibi, kisha akakimbilia jikoni kupasha wali. Yule bibi maskini alikuwa akisema tu: usilie, usilie.

Tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Lakini kicheko kilipokwisha, neno lilibaki kichwani. Vipi neno moja liwe salamu kwa huyu na kilio kwa yule, nao ni majirani kisiwa kimoja? Tukaanza kuulizia, tukaanza kusoma jioni baada ya kufunga duka, na ndiyo haya tunayowaletea leo. Wapo watakaosema, nyimbo tena? Tunazungumzia maneno na historia ya wanawake walioyatunza, kwa hiyo tustahamiliane.

Kwanza tuondoe kosa ambalo na sisi tulikuwa nalo. Kiskochi si Kiingereza kilichovunjika. Ni ndugu wa Kiingereza, wote wawili wametoka katika lugha moja ya kale, kisha kila mmoja akakua nyumbani kwake. Kinazungumzwa nchi za chini za kusini na upande wa kaskazini mashariki. Kwenye milima na visiwa vya magharibi ipo lugha nyengine kabisa, Kigaeli, ambayo haina udugu wa karibu na hivi viwili. Leo tunabaki na Kiskochi.

Neno "greet" la Kiskochi na "greet" la Kiingereza ni maneno mawili tofauti yaliyofanana sura tu, kama watu wawili waliokutana sokoni na kanga pacha. La Kiskochi maana yake ni kulia machozi, halina jengine. Wakati uliopita husemwa "grat". Waingereza wana "cry", lakini hilo ni kulia na pia ni kupiga kelele. Wana na "weep", lakini hilo limekaa kivitabu, mama hamwambii mtoto wake kwa neno hilo. Kwa Kiskochi "cry" ni kuita mtu, kwa hiyo kilio cha machozi kimepewa neno lake peke yake, na neno hilo hilo linatumika kwa kichanga, kwa mjane na kwa bibi harusi. Na sisi kwa hili tusijisifu sana, kwa Kiswahili analia mtoto, analia jogoo, na hata cherehani isiyotiwa mafuta inalia.

Yapo maneno mengine ya namna hii. "Bairn" ni mtoto, lakini asili yake ni neno la kuzaa na kubeba, yaani yule aliyezaliwa na fulani. Kwetu tungesema mwana, si mtoto. Mtoto anaweza kuwa wa jirani, lakini mwana lazima awe na mwenyewe. "Sair" ni kuuma, kidonda kinauma na moyo unauma. "Thole" ni kustahamili jambo ambalo huna la kulifanya. Na lipo "dowie", ambalo tumelipenda kuliko yote. Ni simanzi, lakini linasemwa kwa mtu, linasemwa kwa mgonjwa asiyepata nguvu, na linasemwa kwa mahali penye giza na ukiwa. Upo utenzi wa zamani uitwao The Dowie Dens of Yarrow, kuhusu mabonde ya mto Yarrow ambako kijana mmoja anauawa kwa sababu ya mapenzi, na ndugu wa mwanamke wakiwa miongoni mwa waliomtaka afe. Tazama neno limewekwa wapi. Huzuni haikuwekwa kwa mwanamke, imewekwa kwenye mabonde. Unasikia jina la wimbo tu, hata hujaambiwa nani kafa, umeshajua kwamba ardhi yenyewe imefiwa.

Na sauti nayo ina kazi yake. Kiskochi hudondosha konsonanti nyingi za mwisho. Pale Mwingereza anapofunga mdomo kwa "away", Mskochi anasema "awa", mdomo unabaki wazi na sauti inaweza kuvutwa mpaka pumzi imalizike. "Home" inakuwa "hame", "more" inakuwa "mair". Sisi ambao maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu tunalijua hilo bila kufundishwa, neno lililo wazi mwishoni ndilo linalobebeka kwenye maombolezo.

Sasa, kwa nini maneno haya yalikaa kwenye nyimbo na kwa wanawake? Jibu lipo kwenye siasa. Mwaka 1603 mfalme wa Waskochi, James wa 6, alirithi na ufalme wa Uingereza akahamia London na watu wake wakubwa. Mwaka 1707 mabunge mawili yakaunganishwa kuwa moja, nalo likawa London. Kuanzia hapo, mwanamume aliyetaka cheo, kesi, biashara kubwa au mimbari alitakiwa aseme na aandike Kiingereza. Mwanafalsafa David Hume, Mskochi mwenyewe, mwaka 1752 alichapisha orodha ya maneno ya kwao ili watu wayaepuke. Mwaka 1787 James Beattie, profesa wa Aberdeen, akatoa kitabu kizima cha kazi hiyo hiyo. Fikiria aibu hiyo, mtu mzima anajisahihisha ulimi alionyonyea. Na sisi skuli tulisahihishwa maneno ya nyumbani mbele ya darasa zima, tunajua masikio yanavyopata moto.

Lakini jikoni hakukuwa na orodha ya Hume. Yaya, mpishi, mkamuaji wa ng'ombe na mama mwenyewe waliendelea kubembeleza watoto kwa lugha yao. Kwa hiyo Kiingereza kikawa lugha ya kuandikia barua kwa wakili, na Kiskochi kikabaki lugha ya aliyekuogesha ulipokuwa mdogo. Sisi tunaona hapo ndipo ilipo nguvu ya maneno haya. Hayaumi kwa sababu ni mazuri zaidi kuliko ya Kiingereza. Yanauma kwa sababu mtu aliyasikia kabla hajajua kujificha.

Mfano ni Anna Gordon, aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1747. Baba yake alikuwa profesa, mtu wa Kilatini na vitabu, na hakuwa na habari ya kilichokuwa kikiendelea upande wa wanawake wa nyumba yake. Anna alijifunza tenzi ndefu za kuimba kutoka kwa mama yake, kwa mama mdogo wake na kwa mtumishi mzee wa nyumbani, zote kwa kichwa. Alipokuwa mtu mzima ziliandikwa kutoka kinywani mwake, na karibu miaka 100 baadaye profesa wa Marekani, Francis James Child, alipokusanya tenzi 305 za Uingereza na Uskochi katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 1882 hadi 1898, alizitegemea sana zile za Anna. Mwengine ni Margaret Laidlaw, mke wa mfugaji kondoo wa bonde la Ettrick. Mwandishi Walter Scott alimfuata mwaka 1802 amwimbie. Mwanawe, mshairi James Hogg, amesimulia kwamba mama yake baadaye alimgombeza yule bwana mkubwa waziwazi: nyimbo zile zilikuwa za kuimbwa, wewe umezitia kitabuni, umeziharibu, na hata hukuziandika sawasawa. Tunampenda mama huyu.

Tuje kwenye wimbo uliotukalisha sana, kwa sababu ni wimbo wa harusi, na harusi ndiyo kazi yetu.

Lady Anne Lindsay alizaliwa mwaka 1750 katika nyumba ya kifahari ya Balcarres, jimbo la Fife, binti wa mkuu mwenye cheo. Mdogo wake Margaret, aliyekuwa mwenzake wa siri zote, aliolewa na tajiri wa benki akapelekwa London. Nyumba ikapoa. Nyote mliowahi kumsindikiza dada au mdogo wenu usiku wa harusi mnajua asubuhi yake kunavyokuwa. Kiasi mwaka 1772 Anne, kwa upweke ule, alichukua lahani ya zamani iitwayo The Bridegroom Grat, yaani bwana harusi alilia, ambayo maneno yake hayakuwa ya heshima, akaitungia maneno mapya. Wimbo wake ukaitwa Auld Robin Gray, jina alilolichukua kwa mchungaji mmoja mzee wa pale pale kwao.

Hadithi yake ni hii. Binti maskini na kijana Jamie wanapendana. Jamie hana kitu, anakwenda baharini kutafuta mahari, tuseme hivyo. Huku nyuma baba wa binti anavunjika mkono, ng'ombe wao anaibiwa, mama anaumwa. Binti anafanya kazi mchana na usiku, na bado mkate hautoshi. Mzee Robin Gray anawalisha wazazi wake wote wawili, kisha anaomba kumuoa. Habari zinakuja kwamba jahazi la Jamie limevunjika. Baba anasisitiza. Mama hasemi kitu, anamtazama tu usoni. Kwetu mwari huulizwa, na ukimya wake huhesabiwa idhini, kwa hiyo sisi tunaujua uzito wa ukimya. Hapa ukimya ni wa mama, na ndio uliomuoza binti. Anaolewa. Haujapita hata mwezi, amekaa mlangoni kwake, anamuona Jamie. Mwanzo anadhani ni mzuka. Ni yeye, mzima, amerudi kumuoa.

Inasimuliwa, na Anne mwenyewe ndiye aliyeisimulia, kwamba alipokuwa akitunga alikwama. Akamwambia mdogo wake wa mwisho, Elizabeth, mtoto bado: nimeshamtuma Jamie baharini, nimemvunja baba mkono, nimemlaza mama, nataka balaa moja zaidi ndani ya beti hii. Mtoto akamjibu, waibie ng'ombe. Ng'ombe akaibiwa hapo hapo.

Sasa sikiliza maneno. Binti wa mkuu alikuwa na Kiingereza chake safi cha sebuleni, lakini wimbo huu hakuutunga kwa hicho. Msichana anayesimulia hasemi analia kwa neno la vitabuni, analia kwa "greet", neno la watoto wachanga. Ng'ombe wanaitwa "kye", kama wanavyoitwa zizini. Na mume anaitwa "gudeman", kwa maneno yenyewe ni mtu mwema, lakini ndivyo mke alivyomtaja mwenye nyumba kwa adabu. Ni neno la heshima tupu. Kwetu angesema "mzee wa nyumba". Hakuna tusi ndani yake na hakuna mapenzi. Robin si mtu mbaya, anamtendea wema, na binti anajiapisha kuwa mke mwema kwa sababu kumuwaza Jamie sasa ni dhambi. Jina la Jamie analitaja kama jina. Mume anamtaja kwa cheo. Binti hakuhitaji kueleza zaidi.

Na lile "auld" la jina la wimbo, uzee, linamkalia mabegani mwanzo hadi mwisho. Cha ajabu neno hilo hilo kwa Kiskochi lina na utamu. Robert Burns, mshairi mkubwa wa huko, aliyefariki mwaka 1796 akiwa na miaka 37, amelitumia kwenye Auld Lang Syne kwa maana ya siku za zamani zilizopendwa.

Burns huyo huyo anao wimbo ambao tunapenda kuuweka pembeni ya huu wa Anne. Unaitwa John Anderson, My Jo, ulitoka mwaka 1790 katika juzuu ya 3 ya mkusanyo wa James Johnson, The Scots Musical Museum. Nao ulikuwa wimbo wa zamani wa maneno machafu, mke akimsimanga mumewe kwa uzee wake. Burns aliusafisha akaugeuza kabisa. Mke ni mzee, mume ni mzee, nywele zilizokuwa nyeusi zimekuwa nyeupe, na mke anamsifu. Anamwita "jo". Neno hili limetokana na furaha, na maana yake ni mpenzi, tena mpenzi wa ujana, anayeitwa hivyo na msichana. Bibi wa miaka 70 anamwita mzee wake kwa neno la msichana, basi ndiyo wimbo mzima huo.

Wake wawili, waume wazee wawili. Mmoja anasema "gudeman", mwengine anasema "jo". Ukizitia nyimbo zote mbili kwenye Kiingereza cha kawaida, wote wanakuwa "husband" na "dear", na tofauti inapotea kama pindo lililoshonwa kwa uzi wa rangi ya kitambaa. Sisi tukiwa dukani huwasikia mabibi harusi wanavyowataja wachumba zao kwenye simu, na mara nyengine neno moja linatosha mtu akanyamaza na kuendelea kupima kiuno.

Mwanamke wa tatu ni Carolina Oliphant, aliyejulikana baadaye kwa jina la Lady Nairne. Alizaliwa Gask, jimbo la Perth, mwaka 1766. Huyu alikuwa mcha Mungu na mwenye haya kupita kiasi. Nyimbo zake alizitoa kwa jina la kubuni la Mrs Bogan of Bogan, mumewe mwenyewe hakuambiwa, na alipokwenda kuonana na mchapishaji alijivika kama bibi kizee wa shamba asitambulike. Caller Herrin', wimbo wa wanawake wauza samaki wa Newhaven karibu na Edinburgh, ni wake. "Caller" ni samaki mbichi, aliyetoka baharini sasa hivi, neno la kunadia sokoni, na yeye analigeuza kuwa la kuwakumbusha wanunuzi kwamba samaki yule ana bei ya roho za wanaume waliotoka usiku.

Lakini uliotuliza ni The Land o' the Leal. Rafiki yake wa utotoni alifiwa na mtoto mchanga, kiasi mwaka 1798, naye akamtungia na kumpelekea. Anayesema ndani ya wimbo ni mke anayekufa, anamliwaza mumewe John kwamba anakwenda alikotangulia mwana wao. Pepo hakuiita kwa jina lake la kanisani. Ameiita nchi ya "leal". Neno hilo lilitoka Ufaransa zamani sana na maana yake ni mwaminifu, mwenye kutimiza ahadi, asiyesaliti. Kwa mama aliyefiwa hiyo ndiyo habari aliyohitaji. Hakuambiwa kwamba huko kuna dhahabu na mito. Aliambiwa kwamba huko watu hawaachani. Na mtoto ameitwa "bairn", mwana wa mwenyewe.

Wimbo ulipokwishaenea bila jina la mtungaji, watu wakaamua kwamba lazima ni wa Burns, aliutunga akiwa kitandani mwa mauti. Ili hadithi ikae sawa, jina la John likabadilishwa kuwa Jean, jina la mke wa Burns. Kwa herufi chache tu maneno ya mama anayekufa yakahamishiwa kinywani mwa mwanamume, yakaimbwa hivyo miaka mingi. Carolina hakujitokeza kupinga. Alifariki mwaka 1845, na kitabu chenye jina lake kikatoka mwaka uliofuata. Tunaiheshimu haya yake, lakini hapa tulimkasirikia kidogo.

Anne naye alijificha vivyo hivyo, zaidi ya miaka 50, huku watu wakibishana mbele yake nani alitunga Auld Robin Gray, wengine wakisema ni wa karne ya 16. Mwenyewe alikataa wachumba wengi. Aliolewa mwaka 1793 akiwa na miaka 42, na mume aliyemchagua mwenyewe alikuwa mdogo kwake kwa miaka 12, wakaenda kuishi Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Mwaka 1823, mjane na mtu mzima sana, alimwandikia Walter Scott akakiri kwamba wimbo ni wake.

Alikiri na jengine. Mama yake, aliyeishi umri mrefu, alikuwa akimuuliza tena na tena ile kesi ya msiba ya Jeanie na Jamie iliishaje. Kumridhisha mama, Anne alitunga mwendelezo. Ndani yake Robin Gray anaugua, na kabla hajakata roho anakiri kwamba ng'ombe aliiba yeye, ili yule binti akose pa kukimbilia. Anafariki, Jeanie anaolewa na Jamie.

Mwendelezo huo ulichapishwa, lakini waimbaji hawakuutaka, waliendelea na ule wa kwanza ambao mzee ni mwema na hakuna wa kulaumiwa. Dukani kwetu tumegawanyika. Wasichana wanaojifunza ushonaji wanautaka mwisho wa pili, mwizi ajulikane na Jamie apate haki yake. Sisi wakubwa tupo na waimbaji. Mpishi wetu, ambaye hushona vifungo akimaliza jikoni, alisikiliza pande zote, akauliza, na yule ng'ombe walimrudisha?